Malezi Bora ya Mbwa Nyumbani: Kinga kwa Familia, Majirani na Msingi wa Chanjo

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo tarehe 28 Septemba, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Matangazo hutolewa katika kata na vijiji, wataalamu wa mifugo hufika wakiwa na chanjo, na wananchi huombwa kuwapeleka mbwa wao kwenye vituo vilivyopangwa. Hata hivyo, wapo wafugaji ambao hubaki nyumbani siku hiyo. Sababu yao si kupuuza tangazo wala kukosa nauli, bali ni kwamba mbwa wao hashikiki. Hajawahi kuvalishwa kamba, hajazoea kuguswa na mtu mwingine, na akiwaona mbwa wenzake huruka na kung'aka. Mbwa wa namna hiyo hukosa chanjo mwaka baada ya mwaka, na hatari inayotokana na kukosa chanjo huwa ya familia nzima na mtaa mzima.

Kwa sababu hiyo, mafunzo ya tabia njema kwa mbwa wa nyumbani si anasa ya watu wenye nafasi. Ni sehemu ya wajibu wa mfugaji, kama ilivyo kumpatia chakula, maji na mahali pa kulala. Makala haya yanaeleza namna mfugaji wa kawaida anavyoweza kumlea mbwa wake ili awe mtulivu nyumbani, salama barabarani, na tayari kuchanjwa siku ya chanjo inapowadia.

Kwa nini suala hili ni la jamii nzima

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na humwingia binadamu zaidi kwa njia ya kung'atwa. Takribani asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa barani Afrika na Asia. Kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa, asilimia 40 ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kuonekana kwa binadamu, ugonjwa huu karibu mara zote huishia katika kifo.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unazuilika. Wataalamu wanakubaliana kuwa endapo angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo husika watachanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Lengo la kimataifa ni kuondoa kabisa vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Asilimia hiyo 70 haiwezi kufikiwa kwa dawa peke yake. Inahitaji mbwa wanaoweza kushikwa, kuongozwa na kutulizwa na wenyewe.

Ukali si ulinzi

Wapo wanaoamini kuwa mbwa huwa mlinzi bora akifungiwa gizani kutwa, akichokozwa, akipigwa au kulishwa pilipili. Imani hiyo haina msingi. Mbwa anayeishi kwa maumivu na hofu hujifunza jambo moja tu, kwamba binadamu ni adui. Akifunguliwa usiku, hatofautishi mwizi na mtoto wa nyumba aliyetoka kwenda msalani, wala jirani aliyekuja kuomba msaada wa dharura.

Mbwa wa ulinzi mwenye thamani ni yule anayetoa taarifa kwa kubweka anapoona jambo geni, kisha akanyamaza mwenyewe anapomwamuru. Hata mbwa wanaotumiwa na vyombo vya ulinzi na usalama kunusa dawa za kulevya au kufuatilia wahalifu hawathaminiwi kwa ukali wao, bali kwa utii walio nao kwa askari anayewaongoza. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, hivyo kumpiga au kumtesa mbwa kwa kisingizio cha kumfundisha ni kwenda kinyume na sheria.

Samaki mkunje angali mbichi

Kipindi muhimu zaidi katika maisha ya mbwa ni kati ya wiki ya 3 na takribani wiki ya 14 tangu kuzaliwa. Katika wiki hizo, akili yake hupokea mambo mapya bila woga mwingi. Mtoto wa mbwa aliyesikia sauti za bodaboda, aliyewaona watu wenye kofia, kanga, mizigo kichwani na fimbo za kutembelea, na aliyeshikwa kwa upole na watoto na wazee, hukua akijua kuwa hayo yote ni mambo ya kawaida. Yule aliyefichwa nyuma ya nyumba hadi akakomaa huviona vitu hivyo kama vitisho.

Tahadhari inahitajika pia. Kabla mtoto wa mbwa hajakamilisha chanjo zake, asiachwe kuzurura mahali penye mbwa wasiojulikana. Ni vema abebwe, au wageni waje kumwona nyumbani. Mtaalamu wa mifugo ndiye anayepanga ratiba ya chanjo na dawa za minyoo kulingana na umri wa mnyama.

Mfugaji mwenye mbwa mkubwa naye asikate tamaa. Mbwa mtu mzima hufundishika, ila huhitaji subira zaidi na hatua ndogo zaidi.

Amri chache, neno moja, tuzo papo hapo

Mbwa hujifunza kwa matokeo. Tendo linalomletea jambo jema hulirudia, na tendo lisilomletea chochote huliacha taratibu. Tuzo haina haja ya kuwa ya gharama. Kichwa cha dagaa, kipande kidogo cha utumbo uliochemshwa au tonge dogo la ugali vinatosha. La muhimu ni wakati. Tuzo itolewe papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili baada ya tendo jema, ikiambatana na neno la sifa. Ikichelewa, mbwa hatajua amepewa kwa lipi.

Amri nne zinatosha kwa mbwa wa nyumbani: "njoo", "keti", "baki" na "acha". Familia nzima ikubaliane kutumia maneno hayo hayo. Baba akisema "keti", mama akasema "kaa chini" na watoto wakatumia neno la tatu, mbwa huchanganyikiwa na huonekana mkaidi ilhali hana kosa.

Ili kumfundisha kuketi, mfugaji ashike tuzo mbele ya pua ya mbwa kisha aipandishe taratibu kuelekea juu ya kichwa chake. Mbwa atainua kichwa na makalio yatashuka yenyewe. Hapo neno litamkwe na tuzo itolewe. Mafunzo ya dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, yana faida kuliko saa nzima ya kuchoshana.

Kuhusu amri ya "njoo", kanuni ni moja isiyovunjwa: mbwa asiitwe ili aadhibiwe. Akiitwa na akaja, hata kama alitoroka tangu asubuhi, apokewe vizuri. Anayepigwa baada ya kuja amefundishwa kutokuja tena.

Adabu za nyumbani

Malalamiko mengi ya wafugaji ni ya kuruka juu ya wageni, kutafuna viatu, kukimbiza kuku, kujisaidia ovyo na kubweka usiku kucha. Kila tabia kati ya hizo ina chanzo chake.

Mbwa huruka juu ya watu kwa sababu kuruka humpatia uangalizi. Mgeni na mwenyeji wakimgeuzia mgongo bila kusema neno, kisha wakamsifu pale tu miguu yote minne inapokuwa chini, tabia hiyo hupungua. Anayetafuna viatu mara nyingi ni mbwa mchanga anayeota meno au asiye na shughuli. Apewe mfupa mkubwa mbichi chini ya uangalizi au kipande cha kamba nene, na viatu viwekwe mbali.

Kwa kuku na mbuzi, mbwa azoeshwe akiwa amefungwa kamba na akiwa mbali nao kiasi cha kutosha ili aweze kutulia. Apewe tuzo kila anapowatazama bila kuwakimbilia, na umbali upunguzwe siku baada ya siku.

Mtoto wa mbwa apelekwe mahali pa kujisaidia mara anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Akikosea, pasafishwe kimya kimya. Kumsukumia pua kwenye uchafu hakumfundishi usafi, bali humfundisha kujificha.

Ama kuhusu kubweka usiku kucha, mara nyingi mbwa huyo ameshinda amefungwa mnyororo mfupi bila mazoezi wala kampani. Matembezi ya asubuhi na jioni humtuliza kuliko mawe ya kumnyamazisha.

Anapotoka nje ya geti

Nje ya uzio, mbwa ni jukumu la mwenyewe kwa kila hatua. Avalishwe ukanda wa shingoni usiombana na aongozwe kwa kamba imara na mtu mwenye nguvu za kumzuia. Kazi hiyo isiachiwe mtoto mdogo. Mbwa akivuta kamba, mfugaji asimame. Kamba ikilegea, safari iendelee. Baada ya siku kadhaa, mbwa hutambua kuwa kuvuta hakumfikishi popote.

Mfugaji akumbuke pia kuwa si kila jirani anamzoea mbwa. Wapo wanaomwogopa kwa sababu waliwahi kung'atwa. Wapo ambao kwa mujibu wa imani yao mate ya mbwa hutia najisi, hivyo mbwa akimlamba au kumgusa mtu anayeelekea kuswali, amemletea usumbufu mkubwa. Kumvuta mbwa pembeni na kumwamuru aketi hadi mtu apite ni ustaarabu wa ujirani mwema, na hauna gharama yoyote.

Watoto nao wafundishwe. Wasimguse mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha. Wasimkodolee macho wala kumkimbia mbwa wasiyemjua, bali wasimame wima na mikono ikiwa chini hadi aondoke. Mkia unaotikisika si dalili ya furaha wakati wote. Mbwa aliyekakamaa, manyoya yakasimama mgongoni na midomo ikafunua meno, anaonya.

Maandalizi ya siku ya chanjo

Wiki kadhaa kabla ya siku iliyotangazwa, mfugaji aanze kumzoesha mbwa kushikwa. Kila siku amguse masikio, miguu, mdomo na mgongo huku akimpa tuzo. Kisha amkumbatie kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine abane kwa wepesi ngozi ya bega au paja, mahali ambapo sindano huweza kuchomwa, na kumpa tuzo tena. Ndugu au rafiki asiye mwenyeji wa nyumba hiyo naye arudie zoezi hilo mwenyewe akiwapo. Mbwa mwenye historia ya kung'ata azoeshwe kuvaa kifunga mdomo mapema, ili asikutane nacho kwa mara ya kwanza kwenye foleni.

Siku yenyewe, ni vema kuwahi kabla ya msongamano, kusimama mbali kidogo na mbwa wengine, na kuondoka na cheti cha chanjo. Cheti hicho kitunzwe, kwani chanjo hii kwa kawaida hurudiwa kila mwaka.

Iwapo mtu ameng'atwa

Malezi bora hupunguza ajali, lakini hayaziondoi zote. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe pilipili, majivu wala mitishamba. Baada ya hapo, aende kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa anafahamika, ili mtaalamu aamue kuhusu chanjo. Ofisa mifugo wa eneo husika naye ataarifiwe. Endapo mbwa anaweza kufungiwa salama, asiuawe haraka, kwa kuwa kumwangalia kwa siku 10 huwasaidia wataalamu kujua kama alikuwa na ugonjwa.

Wito kwa wananchi

Serikali inaweza kuleta chanjo hadi kijijini, lakini haiwezi kumfundisha mbwa wa kila kaya kutulia. Kazi hiyo ni ya mwenye mbwa, na huanza kwa tonge dogo la ugali, neno moja la amri na dakika chache za kila siku. Wananchi wanahimizwa kuwaona maofisa mifugo wa kata zao kwa ushauri, na kuanza maandalizi leo badala ya kusubiri gari la matangazo lipite mtaani. Mbwa aliyezoea kushikwa huchanjwa kwa dakika moja, na dakika hiyo yaweza kuwa ndiyo inayookoa maisha ya mtoto wa jirani.