Mbio ya nyundo inatoka wapi?

Wasomaji wetu watashangaa: ukurasa wa wachimbaji unaanza na golfu. Ni kweli, golfu ni mchezo wa wenye nafasi, na hapa Uvira hatuna uwanja wake. Lakini hauko mbali hivyo. Ukivuka mpaka pale Kavimvira ukafuata barabara mpaka Bujumbura, safari isiyozidi kilomita 30, utaukuta. Lubumbashi kuna mwingine. Na kule Zambia, miji ya shaba kama Kitwe, Chingola na Ndola yote ina wake, juu wakati wa ukoloni fasi kampuni ya madini ilipofika, golfu ilifuata nyuma. Mzambia mmoja, Madalitso Muthiya, alifika hata kucheza US Open ya Marekani mwaka 2006.

Sisi wa sindika hatutafuti kufundisha mtu golfu. Tunataka kuongea juu ya nyundo. Ila kuna jambo: mchezaji wa golfu anapopiga mpira, anafanya kitu kilekile anachofanya kreseri mbele ya jiwe. Anazungusha mti wenye uzito kwenye ncha, na anataka ile ncha ifike na mbio kubwa. Tofauti ni kwamba yeye ana feza nyuma yake, kwa hiyo wataalamu wamemuchunguza kwa kamera na mashine miaka na miaka. Kreseri wa Misisi au wa Kamituga, sisi hatujaona nani alimuletea kamera. Basi tuchukue walichokipata kwa golfu, tukipeleke shimoni.

Kwanza hesabu. Wanaume wanaocheza golfu ya malipo kule Marekani wanazungusha fimbo yao ndefu mpaka kichwa chake kinafika karibu kilomita 185 kwa saa. Wanawake wa kiwango hicho wanafika karibu 150. Kichwa chenyewe kina gramu 200 hivi, hakifiki hata robo kilo. Na tangu fimbo ianze kushuka mpaka iguse mpira ni kama robo ya sekunde. Ukipiga hesabu ya nguvu iliyo ndani ya kile kichwa kidogo, unakuta ni sawa na nyundo ya kilo 4 inayokuja na mbio ya mita 11 na kitu kwa sekunde. Gramu 200 sawa na kilo 4! Hapo njo somo lote linaanzia.

Maana nguvu ya pigo haipandi kwa uzito na mbio kwa namna moja. Ukiongeza uzito mara mbili, na mbio ikabaki ileile, nguvu inapanda mara mbili. Ukiongeza mbio mara mbili, nguvu inapanda mara nne. Hii si maneno ya sindika, iko katika kitabu cha fizikia cha sekondari, watoto wetu wanaisoma pale shuleni Mulongwe na Kalundu bila kujua kwamba inamuhusu baba yao.

Sasa tuchukue nyundo mbili, ya kilo 4 na ya kilo 8. Tuseme kijana anapiga ile ya kilo 4 kwa mita 10 kwa sekunde. Ili ile ya kilo 8 imupatie pigo la nguvu ileile, lazima aifikishe kwenye mita 7. Asubuhi, akiwa amekula, labda anaifikisha. Anapita hata. Saa sita mchana ndani ya galeri yenye joto, mbio ikishuka kwenye mita 6, nyundo kubwa inapiga chini ya ile ndogo, na kila mara anapoiinua anainua uzito mara mbili. Anachoka mara mbili ili apate kidogo. Na shefu wa shimo anamutazama anasema: huyu ni muvivu.

Hatusemi nyundo nzito haina kazi. Jiwe kubwa lililolala chini wazi, fasi ya kusimama ni nzuri, mtu ana nguvu na anapiga mapigo kumi kiisha anapumzika: hapo nzito inafaa. Lakini kupiga tindo ndani ya filo siku nzima ni kitu kingine.

Tuingie basi kwenye swali lenyewe. Mbio inatoka wapi? Watu wengi watajibu: mikononi. Mutu wa mikono minene njo mwenye kupiga. Wachezaji wa golfu wanaonyesha kwamba sivyo. Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini ana urefu wa mita 1 na 75 tu, si jitu, na yuko kati ya wale wanaopiga mbali kupita wote. Mmarekani Bryson DeChambeau alijinenepesha kwa makusudi ili apige mbali, akashinda US Open ya 2020. Kiisha akapunguza mwili, na akaishinda tena mwaka 2024. Misuli inasaidia, hatukatai. Lakini si misuli ya mikono peke yake.

Mbio inaanzia chini, miguuni. Mguu unasukuma ardhi, kiuno kinageuka kwanza, kifua kinafuata, kiisha mabega, kiisha mikono, na mwisho kabisa vifundo vya mikono. Kila kiungo kinaanza wakati kile cha nyuma yake tayari kina mbio, na kile cha nyuma kinapunguza mwendo ili kimuachie mwenzake. Wale waliokua tambarare ya Ruzizi wameona mchungaji akipiga mjeledi hewani: mkono unasimama, lakini ncha ndiyo inalia. Mkono ungeendelea kusukuma mpaka mwisho, ncha isingelia.

Waingereza wawili, Cochran na Stobbs, walitoa mwaka 1968 kitabu juu ya utafiti wa mambo haya. Walionyesha kwamba unaweza kueleza pigo la golfu kwa miti miwili iliyofungwa pamoja na bawaba: mmoja ni mikono, wa pili ni fimbo, bawaba ni kifundo cha mkono. Siri iko kwenye bawaba. Mchezaji mzuri anaacha kifundo kimekunjwa wakati mikono inashuka, na kinafunguka chenyewe karibu na mwisho. Anayekifungua mapema anamaliza mbio yake juu, hewani, na kwenye mpira inafika mabaki.

Wazee wetu wa nyundo wanajua hii bila kitabu. Mutazame anayeijua kazi: anapoinua, mkono mmoja uko karibu na kichwa cha nyundo, mwingine kwenye mwisho wa mpini. Hapo uzito uko karibu na mwili, hauchoshi mgongo. Inapoanza kushuka, mkono wa juu unateleza kwenye mpini mpaka unakutana na mwenzake kule chini. Ghafla mpini umekuwa mrefu, na kichwa kinakimbia. Kijana mgeni anashika kwa nguvu fasi moja, mikono yote imekauka kama mti. Kukaza sana ni kufunga bawaba. Mbio inakufa, na mtikisiko wote wa jiwe unarudi kwenye kiwiko.

Kuna urefu pia. Kichwa kilicho mbali na kiwiliwili kinakimbia kupita kilicho karibu, kama vile mtoto wa mwisho kwenye mstari wa watoto wanaoshikana mikono na kuzunguka. Kwa sababu hiyo sheria ya golfu inakataza fimbo kupita sentimita 122 hivi, na tangu 2022 mashindano makubwa yanaruhusiwa kuikatia kwenye 117. Kwetu hakuna sheria ya kukata mpini, inayokata ni dari ya galeri. Fasi unapiga magoti, hakuna kiuno cha kugeuza, hakuna miguu ya kusukuma, na mpini ni mfupi. Mikono inabaki peke yake. Ukimupa mtu wa namna hiyo nyundo ya kilo 8 unamuua polepole. Kama galeri ingepanuliwa kidogo, mbio ingerudi, lakini kupanua ni siku za kazi bila mchanga wa kuosha, na wenye mashimo mingi hawataki kusikia.

Mama zetu wanaotwanga mawe, hesabu yao ni ingine. Mchi ukiuachia uanguke wenyewe kutoka mita moja, unafika chini na mbio ya mita 4 na nusu kwa sekunde hivi, uwe mzito au mwepesi, ni sawa. Kwa hiyo kwenye kutwanga uzito unasaidia kushuka. Lakini nani anauinua? Yeye, mara mia na mara mia, na vumbi la jiwe linamuingia kifuani kila pigo. Mwenye kutwanga sombe nyumbani anajua kupanda kidogo kwenye vidole vya miguu na kuuongoza mchi ukishuka, hausukumi kwa hasira. Wanaofanya hivyo kwenye mawe wanafika jioni. Tungependa wafike na kitambaa chenye maji puani pia, na vumbi limerushiwa maji, lakini hiyo tutaiandikia peke yake.

Kuna mtu aliyeyapima haya zamani kwa ajili ya kazi, siyo mchezo. Ni Mmarekani Frederick Taylor, katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, mwisho wa miaka ya 1890. Alipima chepeu. Alikuta kwamba mfanyakazi anahamisha mzigo mwingi zaidi kwa siku kama kila chepeu inabeba kilo 9 na nusu hivi, siyo zaidi, siyo chini. Basi kiwanda kikanunua chepeu za namna mbalimbali, ndogo kwa mawe mazito ya chuma, kubwa kwa vitu vyepesi, wafanyakazi wakaacha kuleta zao. Hapo tunamupigia makofi. Lakini kwa maneno yake mwenyewe, watu waliokuwa kati ya 400 na 600 walibaki 140, na faida kubwa ilikwenda kwa tajiri. Kila mara mtu akileta saa na kipimo shimoni, muulizeni kwanza kinachoongezeka kitagawanywa namna gani.

Na sisi Wakongomani tuna jina la kukumbuka. Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, wakati wa kupasua njia kule Congo ya chini, kiisha jina likawa la serikali nzima ya wakoloni. Waliomushikia nyundo siku kwa siku, majina yao hayakuandikwa.

Turudi kwenye mambo ya leo. Mchezaji wa golfu anatumia fimbo yake ndefu kwa nguvu zote kama mara 14 kwa mchezo mzima wa saa nne. Kati ya pigo na pigo anatembea, anakunywa maji, mwingine anamubebea mfuko. Kreseri anapita mapigo 14 kabla chai haijapoa. Kwa hiyo mbio ya nyundo yake haitegemei tu kiuno na kifundo. Inategemea alilala wapi, alikula nini, hewa ya mle ndani ikoje, na kama anabadilishana na mwenzake au la. Mutu aliyechoka anakosa tindo, na anayeishika ni kaka yake. Tumeona vidole.

Tumeona pia desturi moja mbaya kwenye mashimo fulani. Mwenye shimo ananunua nyundo moja nzito kwa timu yote, juu nzito inaonekana kama kazi nyingi, na bei yake anaikata kwenye sehemu ya wachimbaji. Mpini ukivunjika, anakata tena. Tangu sheria ya madini ilipobadilishwa mwaka 2018, kreseri anatakiwa kuwa ndani ya kooperative. Basi vyombo viwe neno la kooperative, vijadiliwe kwenye mkutano, viandikwe kwenye daftari: nyundo za uzito mbili au tatu, mipini ya mti mkavu usio na fundo, kabari ya chuma ya kuzuia kichwa kisiruke. SAEMAPE wako kwa ajili ya kusaidia wachimbaji wadogo kwa ufundi, waulizwe.

Kabla ya mkutano, timu ijipime yenyewe. Chukueni jiwe la aina moja, nyundo mbili, mtu yuleyule. Hesabuni mapigo mpaka tindo iingie urefu wa kidole, asubuhi mara moja na saa nane mara moja. Andikeni hesabu zote nne kwenye karatasi, muje nayo. Shefu wa shimo akisema ile nzito njo nzuri, mumupe yeye aishike saa nane.