Hoja ya Idadi ya Watu katika Makala za Ngorongoro

Hoja iliyorudiwa mno katika makala za maoni kuhusu Ngorongoro, hasa mwaka 2022 wakazi walipoanza kuhamishiwa Msomera wilayani Handeni, huenda hivi: eneo la hifadhi lilipoanzishwa mwaka 1959 lilikuwa na watu wapatao 8,000, sasa wamezidi 100,000, kwa hiyo hifadhi inakufa. Ongezeko hilo ni la kweli. Kasoro imo katika kuruka kutoka takwimu hadi hitimisho bila kuonyesha ni malisho gani yamekwisha, mnyama gani amepungua na kwa sababu gani.

Historia ya wanyama wenyewe haiiungi mkono hoja hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti na Ngorongoro walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikaribia milioni 1.3, na katika miaka hiyohiyo watu waliongezeka. Anayedai kuwa wafugaji ndio waliowazidisha nyumbu angekosea vilevile, kwani chanzo kilikuwa kutoweka kwa ugonjwa wa sotoka baada ya ng'ombe kuchanjwa. Vifaru wa kreta ya Ngorongoro nao walizidi 100 katikati ya miaka ya 1960, wakapungua vibaya miongo miwili iliyofuata, ingawa familia zilizoishi ndani ya kreta ziliondolewa miaka ya 1970. Majangili waliwaua kwa ajili ya pembe. Mambo mawili kutokea wakati mmoja hakulifanyi moja kuwa chanzo cha jingine.

Kosa la pili ni kuhukumu eneo lote kwa kilichoonekana barabarani. Msafiri anayetoka Karatu na kupita lango la Lodoare huona ukanda mwembamba wa eneo lenye kilomita za mraba zipatazo 8,300. Tena majira hubadili picha. Nyumbu wanapozaa kwenye mbuga za Ndutu, kati ya Januari na Machi, wafugaji huwaepusha ng'ombe na mbuga hizo, maana ndama wa nyumbu hueneza ugonjwa unaoua ng'ombe. Mifugo iliyosongamana nyanda za juu miezi hiyo haithibitishi kwamba malisho yamekwisha kwingineko.

Tatu, msomaji hulazimishwa kuchagua watu au wanyama, kana kwamba hakuna njia nyingine. Sheria ya 1959 iliyoanzisha eneo hilo ilikusudia watu na wanyama pamoja, na ilitungwa Wamasai walipokuwa wakiondolewa Serengeti. Makala inayoficha jambo hilo imeondoa nguzo muhimu ya mjadala. Kudai kuwa watetezi wa wafugaji wanalipwa na wafadhili wa nje hakujibu chochote pia: hata hoja ya mtu aliyelipwa yaweza kuwa sahihi.

Watetezi nao hupotoka wanaposema kuwa Wamasai wameishi na wanyama tangu zamani, basi idadi yoyote ya mifugo ni salama. Ng'ombe wangapi wanaweza kulishwa katika mwaka wa ukame ni suala la kupima mvua na nyasi. Ukongwe wa desturi haulijibu.