Mbalanga si Ukoma: Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kuwa ugonjwa wa mbalanga, ambao madaktari huuita vitiligo, hauambukizwi kwa kupeana mikono, kwa kula sahani moja, kwa kulala kitanda kimoja wala kwa njia nyingine yoyote. Ukumbusho huu ni wa lazima kwa kuwa wapo hadi leo wanaouchanganya na ukoma, na mchanganyiko huo huleta madhara pande mbili. Mwenye mbalanga hutengwa bila ya kosa: mama lishe hukimbiwa na wateja, karani huondolewa mapokezi na kupelekwa chumba cha majalada, na posa ya binti huvunjwa. Kwa upande wa pili, mwenye ukoma wa kweli huambiwa kuwa hayo ni mabaka tu, akakaa nyumbani mpaka mishipa ya fahamu ikaharibika na vidole vikapinda.

Lugha yenyewe haikuyachanganya maradhi hayo. Kiswahili kina mbalanga na kina ukoma. Kiarabu nacho kina baras na judham, la kwanza likiwa ni weupe wa ngozi na la pili ndilo ukoma. Wenye kuchanganya ni watu.

Rangi ya ngozi ya mwanadamu hutokana na seli maalumu zinazotengeneza kitu kiitwacho melanini. Katika mbalanga, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huzigeukia seli hizo na kuziua, na pale zilipokufa ngozi hubaki nyeupe kama maziwa. Haijulikani kuwa chakula chochote huleta hali hiyo, na wanaosema kuwa ni kwa kula samaki pamoja na maziwa hawana ushahidi wowote. Urithi una sehemu yake katika baadhi ya koo, lakini wagonjwa wengi hawana ndugu mwenye ugonjwa huo. Duniani inakadiriwa kuwa kati ya watu 5 na 20 katika kila 1,000 wanao, wanaume kwa wanawake, wa kila kabila, na karibu nusu yao huanza kabla ya kufikia umri wa miaka 20. Aidha, si sawa na ualbino, ambao mtu huzaliwa nao kwa upungufu wa melanini mwili mzima.

Mkazi wa Ilomba, jijini Mbeya, aonapo baka jeupe hana haja ya kusubiri wala ya kufunga safari ya mbali. Aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Huko mtumishi wa afya atamgusa kwa pamba juu ya baka hilo huku mgonjwa amefumba macho. Mwenye mbalanga huhisi kama kawaida. Baka la ukoma mara nyingi limepoteza hisia, tena aghalabu huwa limefifia au lina wekundu, si jeupe kabisa. Kipimo hicho, hata hivyo, kisifanywe nyumbani na kutegemewa, kwa kuwa yapo mabaka ya ukoma yasiyopoteza hisia, hasa usoni, na ipo pia mba itokanayo na fangasi, ambayo huponywa kwa dawa yake. Ikithibitika kuwa ni ukoma, dawa zake hutolewa bure na matibabu huchukua miezi 6 au 12. Ikiwa jambo halikubainika, mgonjwa atapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Nchi ina wataalamu wa ngozi waliofunzwa hapa hapa: Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha maafisa tabibu na madaktari tangu 1992.

Katika mwaka huo huo wa 1992 mwanamuziki Michael Jackson alifika Dar es Salaam, na wengi waliomwona walisema kuwa amejichubua. Mwaka 1993 alitangaza mwenyewe kuwa ana vitiligo, wachache wakamsadiki, na uchunguzi wa maiti yake mwaka 2009 ukathibitisha maneno yake. Tarehe aliyofariki, 25 Juni, ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Vitiligo Duniani. Kisa hiki kinatajwa kwa kuwa mwenye mbalanga husingiziwa kujichubua, na wengine kwa kukata tamaa hujichubua kweli ili mwili ulingane. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini. Zebaki huharibu figo, na baadhi ya kemikali za kuchubua zenyewe huua seli za rangi na kuongeza mabaka.

Kuhusu tiba, ni vyema ukweli usemwe: hakuna dawa inayoung'oa ugonjwa huu moja kwa moja, na anayeuza chupa kwa ahadi hiyo anauza maneno. Zipo tiba zinazousimamisha na kurudisha rangi kwa wengi. Ya kwanza ni krimu za jamii ya steroidi, kwa kipimo na muda alioandika daktari, kwani zikitumiwa ovyo hukonda ngozi, na karibu na jicho huweza kuleta maradhi ya macho. Usoni na shingoni mara nyingi hutumiwa takrolimasi. Zipo taa za mionzi ya urujuanimno, ambazo mgonjwa huhitaji kuzifuata mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa. Mwenye kutoka mbali na apige hesabu ya nauli kabla ya kuanza. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu, lakini bei yake ni kubwa mno. Uso hurudisha rangi upesi kuliko vidole na nyayo. Rangi huanza kama vitone kwenye vinyweleo, kwa hiyo baka ambalo nywele zake zimekuwa nyeupe ni gumu zaidi kutibika. Miezi mitatu ya kwanza isimvunje mtu moyo.

Miti shamba nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1940, mjini Cairo, Dakta Abdel Monem El Mofty alitibu mbalanga kwa dawa iliyotokana na mmea wa bonde la Nile pamoja na jua. Dawa ya namna hiyo isiyo na kipimo huunguza ngozi hadi malengelenge.

Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi yake humdanganya mkulima akadhani jua si kali, kumbe baka lisilo na melanini linaungua. Kofia pana na mikono mirefu vinatosha kwa wengi. Mikwaruzo na nguo za kubana ziepukwe, kwa kuwa baka jipya hupenda kutokea palipojeruhiwa.

Mgonjwa aendapo kliniki achukue makopo yote ya krimu na dawa alizokwisha kutumia, hata zile anazoona aibu kuzionyesha, na aulizie kipimo cha damu cha tezi ya shingo, kwa kuwa tezi hiyo nayo mara nyingine hushambuliwa na kinga ya mwili kwa wenye mbalanga.