Kweli au Si Kweli? Dhana Sita Kuhusu Vitabu vya Watoto Wadogo

Mtoto wa miaka mitatu hadi saba anahitaji vitabu vya aina mbili. Kuna kitabu cha kusomewa, ambacho mtu mzima humsomea huku wakitazama picha pamoja. Kuna pia kitabu cha kujisomea, ambacho yeye mwenyewe hukipitia kwa kidole, silabi kwa silabi. Kazi zake ni tofauti, na kila kimoja kina kigezo chake. Dhana nyingi zinazowapotosha wazazi hutokana na kuvichanganya hivi viwili. Tuzipime sita.

1. "Kitabu chenye maandishi machache ni hasara."

SI KWELI. Katika kitabu kizuri cha picha, picha hubeba nusu ya hadithi. Chukua *Handa's Surprise* cha Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994, ambacho mandhari yake ni kwa Wajaluo wa Kenya. Handa amejitwika kikapu cha matunda saba anayompelekea rafiki yake Akeyo, na njiani anawaza ni tunda gani litakalompendeza. Maandishi hayataji wizi hata kidogo. Picha ndizo zinazoonyesha tumbili akichomoa ndizi, mbuni akidokoa pera na tembo akichukua embe, mpaka kikapu kinabaki kitupu. Mtoto asiyejua hata herufi moja anajua jambo ambalo Handa halijui, na mara nyingi atapiga kelele kumwonya. Hapo anafuatilia matukio, anabashiri na anaeleza sababu. Huko ndiko kuanza kusoma.

2. "Maneno mafupi ni mepesi, marefu ni magumu."

SI KWELI kwa Kiswahili. Kigezo hiki kimekuja na vitabu vya Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake mara nyingi haifuati matamshi, hivyo mwanafunzi hupewa maneno machache mafupi yanayorudiwarudiwa. *Green Eggs and Ham* cha Dr. Seuss, cha mwaka 1960, kimejengwa kwa maneno 50 tu. Kiswahili husomwa kwa silabi. Mtoto aliyeshika "ba, be, bi, bo, bu" na silabi nyingine kama hizo atasoma "wanalima" bila taabu, lakini "mbwa", neno la herufi nne, litamkwamisha kwa sababu konsonanti tatu zimerundikana pamoja. Kwa hiyo usihesabu herufi, tazama silabi. Kitabu cha kwanza cha kujisomea kiwe na silabi nyingi za konsonanti moja na irabu moja. Silabi kama "ng'o", "nywe" na "mbwa" ziingizwe kidogo kidogo. Herufi ziwe kubwa, na sentensi iishie kwenye ukurasa ilikoanzia.

3. "Vitabu vya Kiingereza humpa mtoto mwanzo mzuri zaidi."

SI KWELI kwa mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani. Kusoma ni kuunganisha alama na sauti, kisha sauti na maana. Mtoto hujifunza hilo kwa urahisi zaidi katika lugha ambayo maana zake tayari anazo, na akishalielewa hulihamishia katika lugha nyingine. Angalia kitabu cha alfabeti kutoka nje: kwenye A pana picha ya tufaha, na mtoto anapolitaja kwa Kiswahili anaanza na sauti ya "t". Kitabu hicho kina Q na X zisizotumika katika tahajia ya Kiswahili, lakini hakina "ch", "dh", "gh", "ng'" wala "ny". Hata anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza anahitaji vitabu vya Kiswahili nyumbani.

4. "Akishajua kusoma, aachwe asome mwenyewe."

SI KWELI. Sikio la mtoto wa darasa la kwanza liko mbele sana ya jicho lake. Akijisomea, atapata sentensi kama "Juma analima". Akisomewa, atapata hila za Sungura na tamaa ya Fisi, atapata methali, na atapata maneno ambayo bado hawezi kuyasoma. Ukimwondolea kusomewa mapema, ataamini kwamba vitabu vina sentensi kavu tu, na hamu ya kusoma itamwisha kabla ustadi haujakomaa. Endelea kumsomea hata akifika darasa la tatu.

5. "Akitaka kitabu kile kile kila siku, amekwama."

SI KWELI. Mara ya kwanza hufuata tukio. Baadaye huona mambo madogo ndani ya picha, kisha hudaka msamiati, halafu hukumalizia sentensi kabla hujaifikia. Mwisho huanza kulinganisha maneno anayoyajua kwa moyo na maandishi yaliyo mbele yake, na hapo ndipo kidole chako chini ya mstari humsaidia sana. Ndiyo maana vitabu vyenye kibwagizo ni hazina. Wasimulizi wetu walilijua hilo zamani: ngano zina nyimbo zinazojirudia, na hadithi haianzi mpaka wasikilizaji waitikie "Pakawa!"

6. "Vitabu vizuri vya Kiswahili ni adimu."

KWELI KIASI. Maduka mengi ya vitabu yako mijini, na rafu zake hutawaliwa na vitabu vya kiada. Hata hivyo, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulisaidia vitabu vingi vya Kiswahili kuchapishwa na kufika shuleni. Mtandaoni, African Storybook iliyoanza mwaka 2014 na StoryWeaver iliyoanza mwaka 2015 zina hadithi za Kiswahili zilizopangwa kwa viwango, bila malipo, na unaruhusiwa kuzichapa. Nyingi ni tafsiri, kwa hiyo zisome kwanza kwa sauti. Ulimi wako ukijikwaa, tafuta nyingine.

Ukiwa dukani

Fungua ukurasa wa katikati. Mwulize mtoto anaona nini kwenye picha; akiwa na la kusema, hicho ni kitabu cha picha kinachofanya kazi yake. Kisha mwache ajaribu kuusoma. Akipita akikwama hapa na pale tu, hicho ni cha kujisomea. Akikwama karibu kila mstari lakini bado anataka kujua kitakachotokea, usikirudishe rafuni. Kinunue, umsomee wewe. Siku yake ya kukisoma mwenyewe itafika, na atakuwa tayari anakipenda.