Mtaimbo, Mteremko na Gia

Ukisafiri kwa gari kutoka Embu hadi Meru, Mlima Kenya huupandi, unaukata ubavuni. Mito inayoshuka kutoka huko juu kuelekea Tana, ikiwemo Thuchi, Nithi na Mutonga, imejichimbia mabonde yake, na barabara hulazimika kuyashukia na kuyapanda tena. Barabara yenyewe ni mashine. Kabla hatujaifikia, tuanze na mashine inayoonekana kwa urahisi zaidi: mtaimbo.

Mkulima wa Runyenjes anayetaka kung'oa jiwe shambani huingiza ncha ya mtaimbo chini ya jiwe, akasukumia kijiwe kidogo chini ya chuma, karibu na ncha, kisha akakandamiza upande mrefu. Kijiwe hicho ndicho egemeo. Tuseme mtaimbo una mita 1.5 na egemeo liko sentimita 15 kutoka ncha. Upande wa mikono utakuwa sentimita 135, mara 9 ya upande wa jiwe, hivyo mzigo wa kilo 270 kwenye ncha utainuka kwa mkandamizo wa kilo 30 hivi. (Walimu wa fizikia watanuna, maana nguvu hupimwa kwa nyutoni, hapa kilo zinatutosha.) Hiyo 9 ndiyo manufaa ya kimakanika. Sasa itazame mikono ya mkulima: imeshuka sentimita 45 ili jiwe lipande sentimita 5. Nguvu imepungua mara 9, mwendo umeongezeka mara 9, na kazi iliyofanyika ni ileile.

Mwinamo nao hufanya biashara hiyohiyo. Mama anayetoka mtoni na mzigo wa kuni mgongoni, ukanda wake ukipita kwenye paji la uso, hapandi bonde wima; hufuata njia ya mshazari. Anatembea zaidi ili kila hatua imdai kidogo. Wajenzi wa barabara hufanya vivyo hivyo. Barabara ikipanda mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo, lori la tani 20 hupanda kwa msukumo wa tani 1.7 hivi, ukiacha msuguano.

Kupanda watu hukuelewa upesi. Kinachoua ni kushuka. Tarehe 24 Julai 2022, basi lilitumbukia bondeni kwenye daraja la Nithi, upande wa Chuka, na zaidi ya watu 30 wakafa. Halikuwa la kwanza kuangukia hapo. Sitaki kuhukumu ajali moja kwa fomula. Hata hivyo, hesabu ya mteremko ni ya kila gari. Lori letu la tani 20 likishuka mita 100 za kimo, hutoa nishati ya kuchemsha mitungi 3 ya lita 20 ya maji baridi. Dereva akitegemea breki pekee, karibu joto lote hilo huishia kwenye ngoma na laini za breki. Zikichemka mno, hukosa kushika, hata dereva akanyage breki namna gani.

Hapo ndipo gia inapohitajika. Katika gia ndogo, injini huzunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Wakati wa kupanda, uwiano huo huzidisha nguvu ya injini kwenye magurudumu. Wakati wa kushuka, uwiano uleule huzidisha ukinzani wa injini, nayo hulizuia gari na kuzipunguzia breki kazi. Ndiyo maana madereva wazoefu hushuka kwa gia ambayo wangeipandia. Anayetoa gia ili kuokoa mafuta ameikata injini kabisa na kuziachia breki mzigo mzima.

Gia hiyo huchaguliwa kabla mteremko haujaanza. Gari likishapata kasi, magurudumu yanaizungusha giaboksi kwa mwendo ambao injini haiwezi kuufikia katika gia ndogo. Dereva akilazimisha, meno yanasaga na gia haiingii.