Ujenzi Safi na Ujenzi wa Nyongeza katika Makefile

Programu ya make, iliyoandikwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1976, husoma faili liitwalo Makefile, ambamo huorodheshwa kila zao linalotakiwa kujengwa, vitegemewa vyake, yaani mafaili ambayo zao hilo hutokana nayo, na amri ya kulijenga. Kabla ya kutekeleza amri yoyote, make hulinganisha wakati zao lilipobadilishwa mara ya mwisho na wakati wa vitegemewa vyake, na zao likionekana jipya kuliko vyote huachwa lilivyo. Huo ndio ujenzi wa nyongeza, ambao katika mradi mkubwa huokoa muda mwingi. Ujenzi safi hufuta mazao yote, kwa kawaida kwa amri ya "make clean", na kuanza upya.

Wepesi huo, hata hivyo, haufai kitu orodha ikiwa na pengo. Ikiwa faili akaunti.h, linaloeleza mpangilio wa rekodi ya akaunti, linatumiwa na benki.c na ripoti.c, lakini Makefile imelitaja kwa benki.o, zao la benki.c, peke yake, mtu akiongeza sehemu mpya katikati ya rekodi, benki.o litajengwa upya ilhali ripoti.o litabaki na mpangilio wa zamani. Kiunganishi cha lugha ya C, ambacho hulinganisha majina wala hakitazami maumbo ya rekodi, kitayafunga yote mawili bila onyo, na programu itaandika salio mahali fulani na kulisoma mahali pengine. Atakayeisaka hitilafu hiyo ndani ya msimbo hataiona, kwa kuwa haimo.

Amri ya "make clean" huondoa dalili, na ndiyo maana wengi wameizoea mno, lakini pengo hubaki palepale. Lililo bora ni kuiachia kompaila kazi ya kuorodhesha: GCC ikipewa chaguo la -MMD huandika yenyewe majina ya mafaili ya aina ya akaunti.h iliyoyasoma, na Makefile huyatumia katika ujenzi unaofuata. Machaguo ya kompaila yenyewe ni shida nyingine, kwani kuongeza -O2 kwenye mstari wa amri hakubadilishi wakati wa faili lolote, hivyo make haina la kuona.

Mahali halisi pa ujenzi safi ni kabla ya kutoa toleo, katika mashine isiyo na mabaki, ambako hufichua zao ambalo chanzo chake kilishafutwa lakini bado linaunganishwa.