SOMO LA REDIO: RISASI IPI KWA NYATI?

  Leo tutazungumza juu ya kuchagua risasi ya kuwindia mnyama mkubwa. Tutamchukua nyati kuwa mfano wetu, kwa sababu watu wa Karatu wanamjua vizuri. Hushuka usiku kutoka msitu wa milima ya Ngorongoro, akaingia katika mahindi na maharage ya watu wa Oldeani, Tloma na Rhotia.

Swali letu ni hili. Mtu mwenye bastola kubwa ya aina ya rivolva, je, anaweza kuichagulia risasi ya kumwangusha nyati? Wako wasemao kwamba anaweza, kwa sababu risasi ya bastola hiyo ni nene kuliko ya bunduki nyingi. Basi na tulipime neno hili polepole. Mwindaji akikosea hapa, nyati mwenye jeraha hukimbilia kichakani, na kesho yake anayekutana naye si mwindaji. Ni mama aliyekwenda kutafuta kuni, au kijana anayechunga ng'ombe.

1. Sheria kwanza

Kabla ya kuulizana habari ya risasi, sharti tujue ni wapi tunaruhusiwa kuwinda. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hairuhusiwi. Tangu mwaka 1928 uwindaji ulikatazwa ndani ya ukingo wa kreta, isipokuwa katika mashamba yaliyokuwa ya ndugu Siedentopf, na Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959. Katika Hifadhi za Taifa, kama Ziwa Manyara, hairuhusiwi vilevile.

Mahali panaporuhusiwa, mwindaji hutakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na silaha yake iwe na kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni hutaja mnyama gani, wangapi, na eneo gani. Kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo, kipimo cha chini kinachotakiwa kwa bunduki ni .375. Bastola haihesabiwi kuwa silaha ya kuwindia katika nchi yetu.

Labda mtauliza, mbona Marekani majimbo mengi huruhusu kuwinda kwa bastola? Ni kweli, huruhusu, na wawindaji wao hupiga kulungu na hata dubu. Lakini sisi tusifuate desturi ya mtu bila kujua sababu. Tuitazame risasi yenyewe.

2. Risasi ina sehemu nne

Neno "risasi" hutuchanganya, maana hutumika kwa vitu vitatu: madini mazito laini, kile kipande kinachoruka, na kitu kizima tunachokitia katika bunduki. Katika somo hili kile kinachoruka tutakiita kichwa. Basi risasi nzima ina ganda la shaba, ina fataki katika kitako cha ganda, ina baruti ndani, na ina kichwa mbele. Kifyatulio kikivutwa, msumari hugonga fataki, fataki huwasha baruti, baruti hugeuka moshi wenye nguvu nyingi, na moshi huo hukisukuma kichwa kupita katika mtutu.

Namba kama .375 ni upana wa kichwa kwa inchi, yaani karibu milimita tisa na nusu. Namba .458 ni karibu milimita kumi na moja na nusu. Sasa angalieni: risasi ya bastola iitwayo .44 Magnum, iliyotoka mwaka 1955, kichwa chake kina upana wa karibu milimita kumi na moja. Ni kweli basi kwamba ni nene kuliko .375. Hapo ndipo watu wengi hukosea, maana hupima unene na kusahau mambo mengine mawili.

3. Uzito na mwendo

Nguvu ya kichwa kinachoruka hutokana na uzito wake na mwendo wake, tena mwendo una kazi kubwa zaidi. Ukizidisha uzito mara mbili, nguvu huzidi mara mbili. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu huzidi mara nne.

Kichwa cha .44 Magnum kina uzito wa karibu gramu 15 na nusu, nacho hutoka katika bastola kwa mwendo wa karibu mita 420 kwa sekunde. Kichwa cha .375 H&H Magnum, risasi iliyotengenezwa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, kina uzito wa gramu 19 na zaidi kidogo, nacho hutoka kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde.

Wataalamu hupima nguvu kwa kipimo kiitwacho juli. Ile ya bastola ina juli kama 1,400, na ile ya bunduki ina juli kama 5,750. Ili mwone tofauti, fikirini debe la maji la kilo 20. Nguvu ya risasi ya bastola ingelinyanyua debe hilo mita saba hivi, kiasi cha dari ya ghorofa ya pili. Nguvu ya .375 ingelinyanyua mita 29, juu kuliko miti mingi. Moja ni robo tu ya nyingine, ingawa ndiyo nene.

Kuna bastola zenye nguvu zaidi. Risasi iitwayo .500 Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 2003, huwa na juli kati ya 3,000 na 4,000. Hata hiyo haimfikii mdogo wa bunduki za nyati. Tena bastola haina kitako cha kutegemeza begani, mtutu wake ni mfupi, na mkono uliochoka kwa kupanda mlima hutetemeka.

4. Kupenya hadi mahali pa uhai

Juli peke yake hazitoshi. Nyati dume aliyekomaa hufika kilo 700 na kuzidi. Moyo wake uko chini kifuani, nyuma ya mifupa ya bega, na mapafu yako juu yake. Ngozi ni nene, nyama ya bega ni ngumu, na mbavu ni pana. Kichwa cha risasi sharti kivuke vyote hivyo kisigeuke njia na kisivunjike.

Fikirini msumari na shilingi. Vitu viwili vyenye uzito mmoja, lakini kimoja ni kirefu na chembamba, kingine ni kipana na kifupi. Kipi kitaingia katika ubao? Ndiyo maana kichwa kirefu cha .375 hupenya kuliko kichwa kifupi na kipana cha bastola.

Vichwa viko vya aina mbili kubwa. Vya pua laini hufunguka mbele kama uyoga vinapoingia mwilini, na kufanya jeraha pana. Vigumu havifunguki, hupita moja kwa moja, na hutumika sana kwa tembo. Kwa nyati wawindaji wengi hutanguliza kichwa cha pua laini kilichotengenezwa imara, kisha vigumu hufuata kama mnyama anakimbia. Lakini kumbukeni kwamba kichwa kigumu chaweza kumpita nyati wa kwanza kikampiga wa pili aliye nyuma. Kundi likisongamana, usipige. Ngoja atoke mmoja.

5. Kubwa si bora siku zote

Mtu atasema, basi nichukue bunduki kubwa kabisa. Risasi ya .458 Winchester Magnum, ya mwaka 1956, ina juli zaidi ya 6,500, na ni nzuri. Lakini bunduki nayo hurudi nyuma. Mtu asiyeizoea hufumba macho kabla ya kufyatua, na mtutu hupotea shabaha. Nyati aliyepigwa moyoni kwa .375 huanguka karibu. Aliyepigwa tumboni kwa.458 hukimbia, akageuka kuwa hatari. Chagueni kubwa mnayoweza kuilenga bila kuiogopa, isiwe chini ya kipimo cha sheria.

Na haya matatu ni ya kuangalia kila mara. Jina lililopigwa chapa katika kitako cha ganda lifanane kabisa na jina lililo juu ya mtutu; risasi inayokaribia kufanana ni hatari kwa mpigaji. Msiache risasi juani ndani ya gari, maana joto huzidisha nguvu ya baruti, na ganda laweza kukwama. Na ganda lenye kutu ya kijani au ufa lisitumike.

6. Nyati akiwa shambani

Mkulima asiye na leseni, nyati akiwa katika mahindi yake, asitoke na bastola wala gobore. Nyati aliyechomwa kwa risasi ndogo hufa siku ya tatu au ya nne, au hafi kabisa, na siku zote hizo ana hasira. Mpelekeeni habari mtendaji wa kijiji na Bwana Nyama wa wilaya, ambaye siku hizi huitwa afisa wanyamapori. Askari wake wana bunduki za kazi hiyo. Na mtu akilazimika kumuua mnyama kwa kuokoa uhai, sharti atoe taarifa mara moja. Mnyama huyo na nyara zake ni mali ya Serikali.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini kichwa cha .44 Magnum, kilicho nene kuliko cha .375, kina nguvu kidogo?
2. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara ngapi?
3. Ni lini kichwa kigumu ni hatari kwa wanyama wasiokusudiwa?
4. Katika kijiji chenu, nyati akijeruhiwa usiku, ni nani wa kwanza kupita msituni asubuhi? Zungumzeni namna ya kumpasha habari kabla hajatoka nyumbani.